Soko la Mtandaoni la Huduma za Harusi

Soko la mtandaoni la huduma za harusi huwakutanisha wanakamati na wapambaji, wapishi, washereheshaji, wapiga picha na wenye kumbi. Ugumu wa kulijenga hauko katika picha za maua wala orodha ya bei, bali katika kalenda. Nchini Tanzania harusi nyingi hufanyika Jumamosi, na mpambaji mmoja huweza kuahidi kumbi mbili kwa siku ile ile. Hivyo, tarehe ikishalipiwa arbuni, mfumo hauna budi kuifunga papo hapo.

Arbuni hiyo hutokana na michango ya ndugu, majirani na marafiki, ambayo mweka hazina wa kamati huitolea hesabu kikaoni. Ni busara basi ihifadhiwe na mtoa huduma za malipo mwenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, hadi huduma itolewe. Ingawa mpishi, tofauti na mpiga picha, huhitaji sehemu yake mapema ili anunue vyakula. Taarifa za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka mkusanyaji kusajiliwa kwanza.