Mlango wa Kwihara

Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ya udongo yenye paa bapa ijulikanayo kama Tembe la Livingstone. Jina hilo halikuitendea haki. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, alikaa pale miezi sita tu, tena kama mgeni. Nyumba ni kazi ya mikono ya bara na ya pwani, iliyokutanishwa na biashara ya pembe za ndovu.

Tembe ni ujenzi wa bara. Nguzo na maboriti ya miti hubeba paa, juu yake hushindiliwa udongo, na kuta hunenepeshwa mpaka joto la mchana linabaki nje. Waarabu na Waswahili waliolowea Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, waliuchukua ujenzi huo karibu kama walivyoukuta, wakaongeza baraza, kisha wakatia mlango wa nakshi.

Fahari yote iliwekwa hapo mlangoni. Huko Urusi, kwenye nyumba za magogo, seremala hutandaza nakshi kwenye fremu za madirisha na kingo za paa, ili hata mpita njia azione. Mtu wa pwani huuacha ukuta mtupu. Mgeni hupokelewa mlangoni, na hadhi ya mwenye nyumba hupimwa papo hapo. Mbao zake mbili hufunguka kwa ndani, na katikati husimama mfaa, ubao mwembamba wenye nakshi. Miimo nayo hupandwa na mawaridi, majani na mawimbi hadi kizingiti cha juu, na mara nyingi mnyororo huzunguka pembezoni. Baadhi ya watembeza wageni husema mnyororo ni alama ya mwuza watumwa. Mimi naafiki zaidi wale wanaosema kwamba unailinda nyumba. Biashara ya watumwa katika njia hii haihitaji ushahidi wa mbao: misafara yao ilipita Tabora mchana kweupe.

Kuwa na mlango wa namna hiyo bara halikuwa jambo dogo. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni. Miezi mitatu, na kila kitu cha pwani kilifika begani au kichwani mwa mpagazi, frasila mbili hivi kwa mtu mmoja, yaani kama kilo 32.

Aliyempokea ni liwali Said bin Salim, yule yule aliyekuwa kiongozi wa msafara wa wavumbuzi Burton na Speke mwaka 1857. Akampa nyumba hii. Lakini njia ya Ujiji, alikokuwa akielekea, ilikuwa imefungwa: Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa amegombana na wafanyabiashara, na vita vikazuka. Stanley akajiunga na upande wa wenyeji wake, wakashindwa. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora, akamuua mfanyabiashara Khamis bin Abdullah na kuchoma nyumba. Moshi ulionekana Kwihara. Stanley akaamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya bunduki, lakini Mirambo hakuja.

Stanley alirejea tarehe 18 Februari 1872 akiwa na Livingstone, aliyemkuta Ujiji. Tarehe 14 Machi akashika njia ya pwani, na mzee akabaki akingoja wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka Zanzibar. Walifika Agosti. Tarehe 25 mwezi huo akaondoka nao kuelekea kusini, na hakurudi akiwa hai.

Oktoba 1873, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliufikisha mwili wake Unyanyembe. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa huko, akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa, wakauchukua mpaka pwani. Kwangu mimi, ujasiri huo unashinda safari zote za Stanley.

Tangu 2006 Kwihara imo katika orodha ya awali ya UNESCO kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Ukifika Tabora, nenda. Na kabla hujaingia kuuliza chumba cha Livingstone ni kipi, simama kwanza nje uutazame mlango.