Jicho Lililouonyesha Ulimwengu Njaa: Mohamed Amin, Mpiga Picha wa Nairobi



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazee wetu mnaosoma makala haya, katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhan sote tunaonja njaa. Lakini njaa yetu ina saa yake. Magharibi ikiadhiniwa, tende ipo, uji upo, sambusa zimeshakaangwa. Iko njaa nyingine ambayo haina adhana ya kuimaliza. Mwaka 1984 njaa hiyo ilikuwa kwa majirani zetu wa Ethiopia. Watu walikufa kwa maelfu, na sehemu kubwa ya ulimwengu ama haikujua, ama ilisikia ikapuuza.

Aliyeufanya ulimwengu uone ni mpiga picha Muislamu, mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi. Jina lake Mohamed Amin, na wengi walimwita Mo. Ukiwauliza vijana wa leo, wengi watakutajia wachezaji wa Arsenal na Manchester mmoja mmoja, lakini huyu wa nyumbani hawamjui. Basi hebu tumjue, kwa sababu maisha yake yana jambo la kutufunza sisi tunaotembea na kamera mfukoni.

MTOTO WA MFANYAKAZI WA RELI

Mohamed Amin alizaliwa mwezi wa Agosti 1943. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Punjab aliyefanya kazi ya reli, si tajiri wala mtu wa cheo. Familia ilihamia Tanganyika Mo akiwa bado mdogo, na ni huko Dar es Salaam, akiwa mwanafunzi, ndipo alipoanza kuhangaika na kamera ndogo ya Box Brownie. Hakuwa na chuo cha kumfundisha uandishi wa habari. Alijifunza kwa kupiga, kukosea, na kupiga tena.

Mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 20 au ndiyo kwanza anaitimiza, alianzisha kampuni yake ya picha hapo Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Wengine umri huo bado wanasubiri waitwe kazini. Yeye alikuwa ameshajiajiri.

ZANZIBAR: PICHA NA JELA

Tarehe 12 Januari 1964, mwishoni mwa mwezi wa Shaaban, Zanzibar ikapinduliwa. Waislamu wa visiwani waliuingia mwezi wa Ramadhan mwaka ule katika hofu na misiba. Mo alivuka bahari akaenda kupiga picha. Alikuwa kijana wa miaka 20 tu, na picha zake ni miongoni mwa kumbukumbu tulizonazo hadi leo za siku zile nzito.

Kazi hiyo ina gharama. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar akatiwa jela karibu mwezi mzima. Hakuwa mwizi wala muuaji. Alipotoka, baadaye alihamishia shughuli zake Nairobi. Mtu mwingine angesema basi, nimekoma, heri nifungue duka. Mo hakukoma.

KAZI YENYEWE ILIKUWAJE?

Tusidhani kupiga picha zama zile ni kubonyeza na kutuma. Kamera ilitumia filamu ya mkanda. Ukiimaliza, imekwisha, wala huwezi kutazama papo hapo kama picha imetoka au imeungua. Mkanda ulifungwa vizuri, ukakimbizwa uwanja wa ndege, ukapakiwa ndege ya kwenda London, ukasafishwa huko ndipo watu waone. Ukichelewa ndege ya usiku, mwenzako wa shirika jingine amekutangulia, na kazi yako imekuwa habari ya jana.

Mo alikuwa na mbinu yake. Alibeba kamera mbili: ya filamu kwa ajili ya runinga, na ya kawaida kwa ajili ya magazeti. Tukio moja, kazi mbili. Kwa miaka mingi alifanya kazi na shirika la Visnews la London, ambalo liligawa picha zake kwa vituo vya runinga vya nchi nyingi, na ambalo baadaye lilikuja kuwa Reuters Television.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, waziri Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Mo alikuwepo na kamera yake katika vurumai ya saa zile. Kazi ya siku hiyo ilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa runinga nchini Uingereza. Januari 1971, Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda, Mo alifika Kampala mapema akaonana naye. Mwaka uliofuata, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka, Mo ambaye wazazi wake nao walikuwa wametoka bara Hindi, alikuwa hapo akipiga picha za familia zinazofungasha.

SI VITA PEKE YAKE

Msidhani maisha yake yote yalikuwa risasi na mapinduzi. Mpiga picha wa habari leo yuko kwa rais, kesho yuko kwa mvuvi. Mo alizunguka Ziwa Turkana, na mwaka 1981 kikatoka kitabu chake juu ya watu na nchi ya huko. Alitoa vitabu juu ya Kenya, juu ya Pakistan, na juu ya kifaru aliyekuwa akimalizwa na majangili. Vingi aliviandaa pamoja na rafiki yake mwandishi, Brian Tetley.

Kwa sisi Waislamu kuna kazi yake moja ya kukumbukwa hasa. Aliiendea Hija na kamera, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha picha kuhusu safari ya Makka. Mpiga picha asiyekuwa Muislamu haingii Makka, hata awe bingwa namna gani. Mo aliingia kama mja miongoni mwa waja, akawaonyesha wasiotujua jinsi mamilionea na masikini wanavyovaa shuka moja nyeupe. Siku hizi tunaitazama Haram moja kwa moja kwenye simu. Zama zile bibi zetu wengi hawakuwahi kuiona ila kwa kusimuliwa.

KOREM, OKTOBA 1984

Sasa tufike kwenye kazi iliyolibeba jina lake. Kaskazini mwa Ethiopia mvua zilikuwa zimekataa, lakini ukame haukuwa peke yake. Kulikuwa na vita baina ya serikali ya Mengistu na waasi wa Tigray na Eritrea, na watu waliokuwa katika sehemu za vita ndio walioumia zaidi. Tusisahau jambo hili, maana njaa nyingi tunazozisikia huwa zina mkono wa binadamu ndani yake.

Oktoba 1984, Mo alifika Korem na Mekele akiwa pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Walichokiona alfajiri pale Korem hakisemeki kirahisi. Uwanda mzima umejaa watu waliojifunika mashuka kwa baridi ya milimani. Wengine wanaamka. Wengine hawaamki. Wazazi wamepakata watoto waliokwisha kufa usiku. Mo akafungua kamera.

Tarehe 23 Oktoba BBC ikaonyesha ripoti ile, na Marekani nayo NBC ikaionyesha. Kupitia Visnews, vituo vya nchi nyingi vikaipokea. Watu walioketi mezani wakila chakula cha jioni wakashindwa kumeza. Mwanamuziki Bob Geldof aliitazama, na mwisho wa mwaka huo akawakusanya wenzake wakarekodi wimbo wa kuchangisha. Wamarekani wakafuata na wa kwao mwaka 1985. Kisha tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya dola yakapatikana, chakula na dawa vikapelekwa. Waliokufa walishakufa, tena ni mamia ya maelfu. Lakini wako walioishi kwa sababu dunia iliona.

JE, NI HALALI KUMPIGA PICHA MTU ANAYEKUFA?

Hapa kuna swali zito, na vijana wengi huniuliza. Mtu yuko katika hali ya mwisho ya udhaifu wake, wewe unamlenga kamera badala ya kumpa maji? Kuhusu hukumu ya picha kwa jumla, wanazuoni wamekhitilafiana, na hilo nawaachia masheikh wetu. Mimi nasema juu ya adabu ya jambo lenyewe.

Picha ni ushahidi. Na dini yetu imetuhimiza tusiufiche ushahidi. Laiti Mo angeweka kamera chini pale Korem, angeweza kuwanywesha watu 10 au 20. Kwa kuishika, waliokuwa na meli, na ndege, na maghala ya nafaka, hawakupata tena njia ya kusema hatukujua. Huo ndio upande wa kwanza.

Upande wa pili nao tuuseme. Picha zile, pamoja na wema wake, ziliwafanya wengi ughaibuni wadhani Afrika nzima ni mtu aliyekonda akinyoosha mkono. Wale wa Korem walikuwa wakulima, wenye majina, wenye heshima zao, na mwaka wa mavuno walikuwa wakiwalisha wageni. Ndiyo maana nasema tumtazame Mo kwa kazi yake yote. Mtu huyo huyo aliyepiga Korem alipiga Arafa, alipiga Turkana, alipiga wakulima na wavuvi na watoto wanaocheka. Anayemjua mtu siku ya furaha yake ana haki zaidi ya kumshuhudia siku ya msiba wake.

MKONO MMOJA

Mwezi wa Mei 1991 serikali ya Mengistu ilianguka. Siku chache baadaye, tarehe 4 Juni, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mo na wenzake walikwenda kupiga picha, na mlipuko mwingine ukawakuta. John Mathai, Mkenya mwenzetu aliyekuwa fundi wa sauti, alifariki papo hapo. Mo alipoteza mkono wake wa kushoto.

Fikiria mpiga picha asiye na mkono. Kamera zile zilikuwa nzito, si mchezo. Lakini alifungiwa mkono wa bandia, akajizoeza upya, akarudi kazini. Qadari ya Allah aliipokea, ila hakuifanya kisingizio.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya shirika la Ethiopia akitoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi. Tetley alikuwa naye. Watu watatu wakaiteka, wakataka ipelekwe Australia, ilhali mafuta hayatoshi hata robo ya safari hiyo. Ndege ikaishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, Mo na Tetley wakiwemo. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji. Alikuwa na miaka 53. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

SISI NA KAMERA ZETU

Ndugu msomaji, Mo alibeba kilo kadhaa za vyuma, akafungwa, akakatwa mkono, ili apate picha. Wewe na mimi tuna kamera ndani ya simu, na picha yetu hufika ng'ambo kabla hatujapepesa macho. Swali ni moja: tunashuhudia nini?

Ajali ikitokea barabarani, tunakimbilia kupiga maiti kabla ya kuifunika. Tukigawa futari, tunampanga mama mjane mstari wa mbele, kopo la mafuta mkononi, ili wafadhili waone. Watoto wake wataiona picha hiyo siku moja. Habari ikitufikia, tunaisambaza kwanza kisha tunauliza baadaye, na Suratul Hujurat imetuamuru tuhakikishe. Hapo ushahidi unageuka kuwa fedheha.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza, jiulize mambo matatu. Je, hili ni kweli? Je, likijulikana litamsaidia huyu ninayempiga, au litanisaidia mimi tu? Na lau angekuwa ni mamangu, ningelitoa? Jibu likiwa sawa, piga, tena piga vizuri. Ummah wetu unahitaji vijana wenye ujuzi huu: Garissa, Lamu, Mombasa, Kibera, kila mahali ambapo wengine huja kutusimulia habari zetu kwa niaba yetu.

Na jioni hii ukinyoosha mkono kuchukua tende, mkumbuke jirani ambaye hakuna kamera iliyomfikia. Huyo hatakuja kwenye runinga. Anaishi nyuma ya nyumba yako, na anakungoja wewe umwone.

Ewe Mola, mrehemu Mohamed Amin na wote waliokwenda naye, wape shibe wenye njaa, na utujaalie macho yanayoona na mikono inayotoa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.