Pikipiki Ndogo na Mafundi wa Bonde la Kilombero
Usafiri wa Mchombe, kata ya Bonde la Kilombero, Tanzania, iliyo kati ya Ifakara na Mlimba, ulitegemea kwa muda mrefu reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, pamoja na baiskeli zilizosomba mpunga kutoka mashambani, mpaka pikipiki ndogo za China na India zilipoenea mwanzoni mwa karne hii. Kanuni za mwaka 2010 ziliziruhusu kubeba abiria kwa malipo.

Pikipiki hizo, ambazo nyingi zina injini ya sentimita za ujazo 125 au 150, hazikuundwa kwa magunia wala kwa tope la masika, na hapa ndipo ufundi wa kuzigeuza unapostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Fundi huchomelea keria ya chuma, huimarisha shokapu, yaani springi za kupunguza mtikisiko, na hubadilisha sproketi, gurudumu lenye meno linaloshikana na mnyororo: ya nyuma ikiongezwa meno kutoka 42 hadi 45, huku ya mbele ikibaki na 15, mwendo hupungua lakini nguvu ya kuvuta mzigo huongezeka.

Kanuni hiyohiyo ya meno iliwaongoza Waingereza walioigeuza BSA Bantam, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, kuwa ya mashindano kwa wanagenzi, ila wao walivua taa na kila kilichozidisha uzito, ilhali fundi wa Kilombero, ambaye mteja wake hushindana na msimu wa mavuno, huongeza chuma.