Matunzo ya Tela la Mizigo Mizito: Wajibu wa Mmiliki, Dereva na Fundi

Tela halina injini, na kwa sababu hiyo wamiliki wengi hulitazama kama sanduku la kubebea mzigo tu. Kichwa cha lori hubadilishiwa oili kwa wakati na kupelekwa kwa fundi mara kinapotoa mlio usio wa kawaida. Tela huendelea kuvutwa hadi litakapokwama. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mzigo hukaa juu ya ekseli za tela, na breki zake ndizo zinazozuia uzito huo usikisukume kichwa kwenye mteremko. Dereva anayeteremka Kitonga mkoani Iringa au Iwambi mkoani Mbeya hutegemea vifaa ambavyo havioni akiwa kwenye usukani. Matunzo ya tela, kwa hiyo, ni suala la usalama wa watumiaji wote wa barabara, si la mmiliki peke yake.

Breki za upepo

Matela makubwa hutumia breki za upepo. Mpira mwekundu hupeleka upepo kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye matangi ya tela, na mpira wa pili hupeleka amri ya dereva anapokanyaga breki. Mpira mwekundu ukikatika au kuchomoka, breki za tela hujifunga zenyewe. Huo ni ulinzi uliokusudiwa na watengenezaji, na fundi anayeuziba au kuuondoa ili gari "lisisumbue njiani" anaondoa kinga ya mwisho.

Kabla ya safari, dereva ajaze upepo, azime injini na kusikiliza kama kuna uvujaji kwenye mipira, viungo na matangi. Matangi yafunguliwe mara kwa mara ili kutoa maji, kwa kuwa unyevu hula vali na kuchelewesha breki. Viatu vya breki vikaguliwe unene, na dramu zikaguliwe nyufa. Breki za magurudumu yote zirekebishwe kwa usawa; gurudumu moja likishika mapema kuliko mengine, tela huvuta upande mmoja.

Breki nzima nazo zina kikomo. Dramu ikipata joto kupita kiasi, uwezo wake wa kushika hupungua ingawa dereva anakanyaga kwa nguvu zote. Ndiyo maana gia nzito huingizwa kabla ya kuanza kuteremka, ili injini isaidie kupunguza mwendo.

Tairi, nati na beringi

Tairi pacha hugawana mzigo. Moja ikipungua upepo, nyingine hubeba uzito usioihusu, na ile iliyolegea hujikunja na kupata joto linaloweza kusababisha kupasuka au kuwaka moto. Upepo upimwe kwa geji tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango cha mtengenezaji. Kugonga tairi kwa nyundo hakutoshi. Tairi zinazolika upande mmoja huashiria kuwa ekseli imepinda au haiko sambamba na nyingine. Kununua tairi mpya bila kurekebisha ekseli ni kupoteza fedha.

Gurudumu lililofunguliwa na kurudishwa likazwe nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu nati hulegea kidogo zinapoanza kufanya kazi. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ni dalili ya kulegea. Dereva anaposimama njiani, asogeze mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa. Kitovu chenye joto kuliko vingine kina breki isiyoachia au beringi iliyokauka grisi.

Kiungo cha tela na kichwa

Pini ya tela inayoingia kwenye sahani ya kichwa, kwa matela mengi, huwa na kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya. Ikilika hadi milimita 49 hubadilishwa, na haifai kujazwa kwa kuchomelea. Sahani ipakwe grisi safi baada ya kuondoa ile ya zamani, kwani mchanga uliochanganyika na grisi husaga chuma. Baada ya kuunganisha, dereva ahakikishe kwa macho kuwa kufuli limefunga, kisha avute taratibu kwa gia nzito huku breki za tela zikiwa zimeshika. Miguu ya tela ipandishwe hadi juu kabla ya kuondoka.

Chasi, springi na uzito

Springi iliyovunjika jani moja huhamishia mzigo kwenye ekseli ya jirani. Ufa kwenye chasi huanza kama mstari mwembamba wa kutu, hasa karibu na viungio vya springi. Tela lioshwe ili nyufa zionekane.

Chanzo kikubwa cha uharibifu huo ni kuzidisha uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na tani 24 kwa kundi la ekseli 3 zenye tairi pacha. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likazidisha kwenye kundi moja la ekseli, iwapo mzigo umerundikwa upande mmoja. Athari kwa barabara hukua haraka kuliko uzito wenyewe: kwa makadirio ya kihandisi, ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 huichosha barabara takriban mara mbili.

Kumbukumbu za tela

Kichwa kimoja huweza kuvuta matela tofauti, na dereva akakabidhiwa tela asilolijua. Kwa kuwa kila tela husajiliwa kwa namba yake, kila moja liwe na daftari lake linaloonyesha tarehe ya kubadilisha viatu vya breki, kupaka grisi beringi, kupima pini na kuweka tairi. Dereva aandike kasoro alizoziona, na fundi asaini alichokifanya. Taa, viakisi mwanga na pembetatu za tahadhari zikaguliwe kila siku, kwa kuwa tela lililoharibika gizani bila alama ni hatari kwa anayekuja nyuma.

Wamiliki wanakumbushwa kuwa dereva anayekataa kuondoka na tela bovu anatimiza wajibu wake, na hastahili kuadhibiwa. Saa chache za matengenezo gereji ni gharama ndogo kuliko uhai wa mtu mmoja barabarani.