Edmund alikula bomboni za malkia: namna ya kusoma hadithi ya Narnia pamoja na watoto wetu



Kitabu kinachoitwa kwa Kifaransa Le Lion, la Sorcière blanche et l'Armoire magique kinajulikana kwa vijana wetu wengi, hasa tangu filamu yake ilipotoka mwaka 2005. Hapa Kasaji tulikisoma na watoto wa ekodimu sura kwa sura, mwalimu akisoma Kifaransa kisha akieleza kwa Kiswahili. Tulipofika sura ya 4, pale Edmund anapokula vitamu alivyopewa na malkia, mtoto mmoja wa kike aliinua mkono: "Mwalimu, basi Edmund amekwisha kuwa mulozi?" Hakuna mtoto aliyecheka. Wote walingoja jibu, na mwalimu hakuwa nalo siku ile. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya swali hilo, na kwa walimu wengine watakaoulizwa.

Mwandishi na kitabu chake

Clive Staples Lewis alizaliwa Belfast tarehe 29 Novemba 1898. Mama yake alifariki kwa kansa mwaka 1908, mtoto akiwa hajatimiza miaka 10. Katika ujana aliacha imani, akarudi kwa Kristo mwaka 1931 alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Oxford. Vita vilipoanza mwaka 1939, watoto waliondolewa London kwa hofu ya mabomu, na baadhi yao walipokelewa nyumbani kwake. Ndiyo maana hadithi inaanza na ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, waliopelekwa kijijini kwa profesa mzee wasiyemjua. Hapo watoto wetu hawahitaji maelezo. Wengi wanajua maana ya kukimbia vita na kulala katika nyumba ya watu wengine.

Kitabu kilitoka Oktoba 1950, kikiwa cha kwanza kati ya saba. Cha mwisho kilitoka mwaka 1956. Lewis alisema hakuanza na fundisho la dini bali na picha aliyokuwa nayo kichwani tangu alipokuwa na miaka 16: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, akitembea katika msitu wa theluji na mwavuli na vifurushi. Simba alikuja baadaye. Swali lake lilikuwa hili: kama kungekuwa na ulimwengu mwingine wenye wanyama wanaosema, na Mwana wa Mungu akataka kuukomboa kama alivyoukomboa wa kwetu, angefanyaje? Kwa hiyo mwalimu asitafute aya ya Biblia nyuma ya kila mti na kila kijiko. Kwa Bunyan fanya hivyo. Kwa Lewis utachoka bure.

Hadithi yenyewe ni fupi. Lucy anaingia katika kabati la nguo na kutokea Narnia, nchi iliyofungwa na malkia katika baridi ya miaka 100, ambamo Krismasi haifiki. Edmund anaingia nyuma yake, anakutana na malkia huyo, na baadaye anawasaliti ndugu zake. Simba Aslan, bwana wa kweli wa nchi, anakufa mahali pa Edmund juu ya Meza ya Jiwe, kisha anafufuka alfajiri. Vita vinapiganwa, malkia anauawa, na watoto wanne wanawekwa kuwa wafalme na malkia wa Narnia.

Mchawi wa kitabu si mulozi wa kwetu

Hapa ndipo mwalimu wa Lualaba anapopaswa kusimama na kufafanua. Neno "sorcière" tukilitafsiri "mulozi", watoto hawaoni tena malkia wa hadithi. Wanaona jirani, bibi kizee wa nyumba ya tatu, au mtoto wa mama wa kambo. (Wageni kutoka pwani hushangaa wakisikia wingi wetu, "balozi", maana kwao hilo ni neno la heshima la mjumbe wa serikali.) Lakini katika sura ya 8 Bwana Castor anaeleza waziwazi kwamba malkia yule si binadamu, hana hata tone la damu ya mtu. Si mtu wa ukoo wala mtu wa kijiji. Ni mtawala aliyenyakua kiti kisicho chake, anayetawala kwa hofu, kwa wapelelezi na kwa kuwageuza wapinzani wake mawe. Sisi tuliamua kumwita "malkia mnyang'anyi", na masomo yakaenda vizuri zaidi.

Watoto waliuliza pia kama yeye ni Mzungu, kwa kuwa anaitwa mweupe. Weupe wake ni wa theluji na wa maiti. Edmund mwenyewe ni Mzungu, na weupe huo unamshangaza.

Kuna neno lingine la hatari. Kitabu kinasema "magie" kuhusu malkia, na neno hilohilo kinalitumia kuhusu amri iliyowekwa na Mfalme wa ng'ambo ya bahari, baba wa Aslan. Mwalimu akisema "uchawi" mara zote mbili, amefanya amri ya Mungu kuwa uchawi. Sisi tulisema "amri ya kale", na kwa ile iliyo ya ndani zaidi, inayomfufua Aslan, "siri iliyotangulia amri".

Chakula

Swali la yule binti halikuwa la kijinga. Katika miji yetu watu wengi wanaamini kwamba ulozi hupitishwa kwa chakula: karanga, kipande cha mkate, bomboni ambayo mtoto alipewa na mtu fulani. Mtoto akikojoa kitandani, mdogo wake akifa kwa malaria, baba akipoteza kazi katika mgodi, anaitwa na kuulizwa: ulikula nini, kwa nani? Wengine wamefukuzwa nyumbani kwa jibu walilotoa wakiwa na njaa na hofu, baada ya siku kadhaa za kufungiwa bila kula mahali palipoitwa pa maombi. Tunalisema hili kwa huzuni, maana limefanyika kwa jina la Bwana wetu.

Basi mtoto wa Kasaji akisikia kwamba Edmund alipewa loukoum na malkia ndani ya theluji, akala mpaka kisanduku kikawa kitupu, anajua hadithi hii inaelekea wapi. Mtu mzima anajua vilevile. Kwa sababu hiyo kitabu hiki kinaweza kudhuru kikisomwa haraka, na kinaweza kutibu kikisomwa mpaka mwisho.

Tusifiche kwamba Lewis anasema vitamu vile vilikuwa na nguvu mbaya: anayevila anataka zaidi, hata afe. Tusifiche pia lile neno la Bwana Castor, baada ya Edmund kutoroka, kwamba alimtambua kwa macho yake kuwa amekula chakula cha malkia. Mimi nalichukia neno hilo, kwa sababu nimesikia watu wazima wakilisema juu ya watoto wa kweli. Castor alipata ukweli wa jambo, lakini tazama: alilisema mtoto akiwa amekwisha kuondoka, na halikumsaidia mtu yeyote. (Castor ni mnyama wa mito ya Ulaya na Marekani, waambie watoto wafikirie simbiliki mkubwa anayejenga mabwawa.)

Lakini vyakula vya kitabu ni vingi. Bwana Tumnus anamkaribisha Lucy kwa chai, samaki wadogo, mkate na asali, na karamu hiyo nayo ni mtego, kwa maana alitaka kumtoa kwa malkia. Alitubu katikati, akalia, akamrudisha njiani. Nyumbani kwa Castor wanakula samaki aliyetoka mtoni wakati huohuo, na kila mtu anashiba isipokuwa Edmund, anayefikiria loukoum tu. Naye anapofika kwa malkia hapati kitamu tena, bali mkate mkavu na maji. Watoto walicheka sana hapo, kisha wakamhurumia.

Edmund alianza kuharibika wapi?

Lewis hajibu "kwa chakula". Kabla ya kuonja chochote, Edmund alikuwa akimdhihaki Lucy. Baada ya kutoka Narnia mara ya kwanza, alijua kwamba Lucy amesema kweli, lakini mbele ya wakubwa akasema walikuwa wakicheza tu. Alitaka kuwa mkuu juu ya Peter, na malkia alimwahidi hilo. Na katika sura ya 17, kwa maneno machache ambayo wasomaji wengi huyapita, mwandishi anasema uharibifu ulianza katika shule mbaya aliyopelekwa. Mwalimu na aulize swali hilo kwa kila mtoto mgumu wa darasa lake: kitu gani kilimpata, na wapi?

Halafu kuna Peter. Aslan anapouliza mtoto wa nne yuko wapi, Castor anajibu kwamba amewasaliti. Peter, mkubwa wa ndugu, anasema kwamba hata yeye ana sehemu ya kosa, kwa kuwa alimkasirikia Edmund na hasira ile ilimsukuma zaidi. Aslan hamhukumu wala hampi udhuru, anamtazama tu. Kwangu hii ndiyo sentensi ngumu kuliko zote kitabuni kwa mzee wa familia. Ni mara ngapi, katika kikao cha ukoo juu ya mtoto, mkubwa amesema: na mimi nimo?

Dalili ya kwanza ya uponyaji inakuja katika sura ya 11. Malkia anawakuta wanyama wadogo wakila karamu ya Krismasi na kuwageuza mawe. Edmund, mikono ikiwa tupu na mwili ukitetemeka kwa baridi, anamsihi asifanye hivyo, na kwa mara ya kwanza anamhurumia mtu mwingine. Hakupigwa ili aungame, hakunyimwa chakula na rafiki zake, hakumwagiwa kitu machoni. Waliomtesa ni watu wa malkia: wao ndio waliomfunga, wakamchapa, wakamnolea kisu. Mwalimu aliseme hili polepole, maana watoto wengine katika chumba wamekwisha kufungwa kamba na watu wazima waliosema wanawaokoa.

Sheria ya nchi yetu iko wazi pia. Katiba ya mwaka 2006, kifungu 41, inakataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini kwa anayefanya hivyo. Mchungaji na mzee wa kanisa hawako nje ya sheria hiyo.

Profesa naye anafaa kutajwa. Peter na Susan wanamwendea wakidhani Lucy ameharibika akili kwa ajili ya habari za kabati. Anawauliza: kati ya Lucy na Edmund, ni nani mmezoea kuona anasema kweli? Kisha anawafanya wapime: ama mtoto anadanganya, ama ni mgonjwa, ama anasema kweli. Mtu mzima anayemsikiliza mtoto mpaka mwisho kabla ya kuamua: vikao vyetu vingehitaji profesa mmoja.

Simba, na baridi isiyokwisha

Biblia inamtaja Kristo kuwa Simba wa kabila la Yuda (Ufunuo 5:5) na inamfananisha Ibilisi na simba angurumaye (1 Petro 5:8). Watoto waoneshwe aya zote mbili, wasidhani kila simba ni Bwana.

Theluji ilitusumbua. Hakuna mtoto wa Kasaji aliyeiona, na baridi ya usiku wa mwezi wa sita haitoshi. Mama mmoja mwalimu alipata njia: semeni kiangazi cha miaka 100. Majani yamekauka, moto umepita, vumbi kila mahali, na mvua ya kwanza haiji. Kila mtoto alielewa mara moja. Na kwetu miti ya msituni hutoa majani mapya mekundu mwezi wa tisa, kabla ya tone la kwanza kuanguka, kama Narnia inavyoanza kuyeyuka kabla Aslan hajaonekana.

Kitabu kina sura 17, na moja inatosha kwa Jumapili moja. Sura ya 14, ya kifo cha Aslan, isisomwe peke yake. Soma na ya 15 siku ileile, watoto wasiende kulala na Meza ya Jiwe.

Katika sura ya 13 Aslan anatembea na Edmund kando, asubuhi, bila mtu wa tatu. Kisha anamleta kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba yaliyopita hayahitaji kuzungumzwa naye tena. Edmund anamshika mkono kila mmoja na kuomba radhi. Watoto wetu walitaka kujua Simba alimwambia nini. Lewis hakuandika. Yule binti wa swali la kwanza alitaka kujua jambo lingine: baadaye Edmund alikula pamoja nao? Tulifungua sura ya 17. Baada ya vita, jioni, Aslan aliwapa wote chakula, wakaketi majani na kula, na Edmund alikuwa katikati yao.