Gaston Soumialot, mtoto wa Maniema aliyeongoza Simba

Gaston Soumialot alizaliwa Maniema mwaka 1922. Wakati wa uhuru aliongoza MNC ya Lumumba kule Kindu. Lumumba akauawa mwezi wa kwanza 1961. Mwaka 1964 Soumialot alitumwa Burundi, akaandaa uasi. Uvira ikaanguka mwezi wa tano, Kindu mwezi wa saba, Stanleyville (leo Kisangani) mwezi wa nane.

Lakini Kindu, Simba waliua makarani na wanasiasa waliosoma, watoto wa Maniema wenyewe. Hapo ndipo jina lake linagawanya watu: kwa wengine ni mrithi wa Lumumba, kwa wengine ni baba asiyerudi nyumbani.

Mwaka 1965 Castro alimpokea Havana. Che Guevara, aliyekuwa na wapiganaji kwenye milima ya Fizi, hakuifurahia ile safari.