Udhu: Tarehe Yake na Siri Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni yakawa uhai wa ardhi na tohara ya waja Wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maneno yetu ya leo yanahusu jambo tulifanyalo kila siku mara kadha wa kadha, nalo kwa wingi wa kulifanya limekuwa jepesi machoni petu. Jambo hilo ni udhu. Mtoto hufundishwa angali mdogo, mzee huendelea nao hadi nguvu zimwishie, lakini ni wangapi miongoni mwetu waliojiuliza umetoka wapi, na unatutaka nini?

Udhu ni wa tangu siku za Makka. Wanavyuoni wa sira wanaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kusali bila ya tohara tangu alipofaradhiwa sala. Na katika habari mashuhuri ya kusilimu kwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), wameandika kwamba aliingia nyumbani kwa dada yake Fatima kwa ghadhabu, akamkuta na waraka ulioandikwa maneno ya Qurani. Alipotaka kuushika, dada yake alimkatalia mpaka kwanza ajitoharishe. Mtu aliyetoka kwake na upanga mkononi akaambiwa aoge! Akaoga, akasoma, na moyo wake ukageuka. Maji yalitangulia, na uwongofu ukafuata.

Kisha, baada ya Hijra, katika mji wa Madina, ikateremka aya ya 6 ya Sura Al-Maida. Humo Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini kwamba wainukapo kwenda kusali waoshe nyuso zao, na mikono yao mpaka kwenye viwiko, wapake maji vichwa vyao, na waoshe miguu yao mpaka kwenye vifundo. Mwisho wa aya hiyo Mwenyezi Mungu ametubainishia kusudio: hakutaka kututia katika dhiki, bali ametaka kututoharisha na kututimizia neema Yake, ili tupate kushukuru. Basi udhu, kwa ushahidi wa Qurani yenyewe, ni neema kabla ya kuwa kazi.

Ushahidi wa jambo hili ni kisa cha Bibi Aisha (r.a.). Walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), na shingoni mwake alikuwa na kidani alichoazima kwa dada yake Asmaa. Kidani kikapotea. Msafara mzima ukasimama kukitafuta, na mahali pale hapakuwa na maji, wala watu hawakuwa na maji. Watu wakamwendea Sayyidna Abubakar (r.a.) kumshitakia. Naye akamwendea binti yake, akamkaripia, ilhali Mtume (s.a.w.) amelala na kichwa chake ki juu ya paja la mkewe, naye Bibi Aisha hakuweza hata kutikisika. Asubuhi ikafika, maji hakuna; ndipo ikateremshwa ruhusa ya kutayamamu kwa udongo ulio safi. Usaid bin Hudhair (r.a.) akasema kuwa hiyo haikuwa baraka ya kwanza kupatikana kwa sababu ya watu wa nyumba ya Abubakar. Na walipomwinua ngamia aliyekuwa akimpanda Bibi Aisha, kidani kilikuwa chini yake.

Tazameni, ndugu zangu. Kitu cha kuazima kilichopotea, ambacho watu walikiona ni usumbufu, kiliufungulia umma mlango wa rehema mpaka Kiyama. Mgonjwa asiyeweza kugusa maji na msafiri aliyepotea jangwani hawakufungiwa mlango wa Mola wao. Na hapa pana siri ya kwanza ya udhu. Vumbi halimsafishi mtu uso. Pengine humwongezea uchafu. Lau makusudio yangalikuwa ni kuondoa taka tu, mchanga usingalisimama mahali pa maji. Kinachotakiwa ni utiifu, na moyo unaojiandaa kusimama mbele ya Mfalme.

Mafunzo ya udhu yalihifadhiwa kwa vitendo kabla ya kuandikwa vitabuni. Humran, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru na Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), amepokea kwamba Sayyidna Uthman aliagiza maji, akatawadha mbele ya watu kiungo kwa kiungo, kisha akawaambia kwamba hivyo ndivyo alivyomwona Mtume (s.a.w.) akitawadha. Huyo alikuwa mtu mkubwa, mwenye mali na cheo, naye hakuona haya kukunja mikono yake ili awafundishe watu kuosha miguu. Baadaye Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, alibainisha nguzo za udhu kuwa 6: nia, kuosha uso, kuosha mikono, kupaka maji kichwani, kuosha miguu, na kufuatanisha kwa taratibu hiyo. Katika vyuo vya pwani yetu ya Afrika Mashariki wanafunzi wengi wamezihifadhi nguzo hizo kutoka katika Safinatun Naja, kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut, mwanachuoni wa karne ya 19.

Na pwani yetu ina ushahidi mkongwe kuliko kitabu hicho. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tanja, katika nchi ya Maghrib, alipita Mombasa akielekea Kilwa, akalala hapo usiku mmoja. Katika machache aliyoyataja juu ya mji huo, yamo maji ya kutawadhia. Anasimulia kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji yalitekwa kwa chombo cha mbao kilichotiwa kijiti chembamba, mfano wa kata tuijuayo. Ardhi ya kando ya kisima ilisawazishwa, na mlangoni pametandikwa jamvi nene. Watu walikuwa wakitembea miguu mitupu. Basi aliyetaka kuingia aliosha miguu, akaifuta juu ya jamvi, ndipo akaingia. Na katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mgeni angali anaonyeshwa kisima na birika kando ya msikiti mkuu.

Babu zetu hawa hawakuwa na mfereji wa kufungua na kufunga. Kila kata moja ya maji ilitekwa kwa mkono. Aliyeinama kisimani alijua thamani ya alichokishika. Na hivi ndivyo alivyokuwa Mtume (s.a.w.). Imepokewa kwa njia iliyo sahihi kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kiasi cha vitanga viwili vilivyojaa vya mtu wa wastani, kisichofika lita 1. Leo yuko mtu anayeufungua mfereji msikitini, akaacha maji yakimwagika huku anazungumza na mwenziwe, hata yakapita ndoo nzima ilhali bado hajaosha uso. Na nyumbani yuko baba anayetawadha kwa kuogelea, asikumbuke kwamba maji yale yametoka mbali, juu ya kichwa cha binti yake aliyeamka alfajiri kwenda kuyateka. Enyi kina baba! Itakuwaje ibada yetu ya kumshukuru Mola igeuke kuwa dharau kwa jasho la waja Wake? Sunna imeweka mpaka wa kuosha mara 3, na aliyevuka mpaka huo hakuongeza wema wowote.

Ndugu Waislamu, kama ubadhirifu ni upande mmoja wa kosa, uzembe ni upande wa pili. Abdullah bin Amru (r.a.) amesimulia kwamba safarini wakati wa sala uliwabana, wakatawadha kwa haraka, wakawa kama wanaipaka miguu maji tu. Mtume (s.a.w.) akanadi kwa sauti ya juu, mara mbili au tatu, kuwahadharisha na adhabu ya Moto kwa ajili ya visigino vilivyobaki vikavu. Kisigino kiko nyuma, mtu hakioni pasi na kugeuka. Na kila mmoja wetu anacho kisigino chake katika tabia: mahali asipopatazama, ambapo watu wanapaona naye hajapafikisha maji.

Hapa tumefika kwenye siri iliyo kubwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu anapoosha uso, madhambi ya macho yake hutoka pamoja na maji, anapoosha mikono, hutoka yale iliyoyatenda, na anapoosha miguu, hutoka yale iliyoyaendea. Hii ni bishara tukufu. Lakini wanavyuoni wametuzindua kwamba madhambi yanayokusudiwa ni madogo. Ama makubwa yanataka toba, na haki za watu zinataka kurejeshwa kwa wenyewe. Mkono ulioghusubu shamba la yatima hautoharishwi na maji ya bahari yote mpaka shamba lirudi kwa yatima. Ulimi uliomsengenya jirani huweza kusukutuliwa mara 3 kwa maji ya kisima kitamu, nao ukabaki na harufu yake. Basi kila ukiosha kiungo, kiulize: Ewe mkono, umeshika nini tangu adhuhuri? Ewe mguu, ulikwenda wapi?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameipanga tohara katika daraja 4. Ya kwanza ni kuusafisha mwili na najisi na hadathi. Ya pili ni kuvisafisha viungo na maasi. Ya tatu ni kuusafisha moyo na tabia mbovu, kama husuda na kiburi. Ya nne ni kuisafisha siri ya moyo na kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu, nayo ni daraja ya Manabii na wakweli. Wengi wetu tumesimama kwenye daraja ya kwanza, tukadhani tumefika juu ya ngazi.

Mwangalieni Bilal bin Rabah (r.a.), aliyekuwa mtumwa akiteswa juu ya mchanga wa Makka. Siku moja baada ya Alfajiri Mtume (s.a.w.) alimwuliza ni amali gani anayoitumainia zaidi, kwani amesikia hatua za viatu vyake mbele yake Peponi. Bilal akajibu kwamba hajapata kujitoharisha, usiku wala mchana, ila husali kwa tohara hiyo kadiri alivyoandikiwa. Hakuwa na mali ya kutaja. Alikuwa na maji machache na rakaa zake, na kwa hayo hatua zake zikasikika Peponi.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu udhu kwa vitendo kama alivyofanya Sayyidna Uthman. Enyi wanafunzi, msiridhike na kuhifadhi nguzo 6 bila kujua zinakokupelekeni. Na sote, kabla ya sala ijayo, kila mwenye haki ya mtu mkononi mwake aanze kwa kuirejesha, kisha ndipo atie nia na kuosha mkono huo.

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wenye kutubia, na tujaalie katika wenye kujitoharisha. Zitakase nyoyo zetu kama ulivyotuamrisha kuvitakasa viungo vyetu. Wasamehe wazazi wetu na walimu wetu, na waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Amin.